Mwani Utakaoitwa kwa Jina Langu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo historia imeanza. Naandika na saa kabisa, wajukuu wasije wakabishana: saa tatu na dakika kumi asubuhi, chumba cha mikutano, idara ya maji. Mkurugenzi kasimama mbele yetu, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Akasema bwawa limegeuka kijani siku ya kumi sasa. Bomba kuu kalifunga, mji mzima unakunywa maji ya maboza, yale malori ya tangi, na simu yake haipumziki. Anataka jambo moja tu. Kabla ya Ijumaa saa nne aambiwe mwani ule ni mwani gani. Ukiwa wa sumu, bomba libaki limefungwa. Usipokuwa wa sumu, afungue, watu waoge.

Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba siku hiyohiyo atamteua Mkuu wa Chumba cha Vinasaba.

Mkuu! Chumba kile kina mlango wake, ufunguo wake na kiti kinachozunguka. Nimekikalia mara mbili wakati wa chakula cha mchana. Kinanitosha.

Tunaoshindana ni wawili, kwa sababu maabara yetu ina watu wawili. Wa kwanza ni mimi, niliyekwenda kozi ya vinasaba wiki sita nikarudi na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Wa pili ni Bi Hadubini. Ana miaka thelathini kazini, anainamia hadubini yake kutwa, na anachokiona anakichora kwa penseli. Penseli! Zama hizi! Nilimwonea huruma, lakini sikumwonyesha.

Nyumbani nikamwambia mke wangu aanze kuzoea kuitwa mke wa Mkuu. Akasema ataanza kuzoea nikishaleta ndoo mbili za maji kutoka kwenye boza. Nimeleta. Moja na nusu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Tumekwenda bwawani kuchota maji. Boti moja, mimi mbele, Bi Hadubini nyuma. Lo, kijani gani kile! Juu kumetanda utando mzito, mabongemabonge, harufu ya nyasi zilizooza. Bi Hadubini akajaza chupa yake utando uleule, na mabonge yake yote, akaona raha kabisa. Mimi sivyo nilivyolelewa. Nilichota, kisha nikachuja kwa kitambaa safi, nikayatupa mabonge, nikabaki na maji mazuri yanayopita vizuri kwenye karatasi ya chujio. Bi Hadubini akaniuliza mbona natupa kilichotuleta. Nikamjibu kwa upole kwamba vinasaba vinataka usafi, mama. Akanyamaza. Hoja nzito humnyamazisha mtu.

Naeleza njia yangu hapa kwa faida ya watakaosoma. Kila kiumbe kabeba vinasaba, yaani maandishi ya ukoo wake, ndani ya mwili wake. Unachuja maji, mwani unabaki kwenye karatasi. Unaupasua, unatoa vinasaba vyake. Unatia chambo kinachonasa kipande kimoja tu unachokitaka, unaweka kwenye mashine, mashine inakinakili kipande kile mara mamilioni. Kisha unasoma herufi zake na kuzilinganisha na za mwani wote unaojulikana duniani. Mwani unaweza kukuficha sura. Ukoo haufichi. Maneno haya ni yangu mwenyewe, na nitayarudia Ijumaa.

Nimesuuza karatasi zangu mara tatu kwa maji safi ya chupa yangu binafsi. Chupa hii naiweka dirishani, juani, nyuma ya pazia, Bi Hadubini asiione akaitumia. Yeye maji yake huyafungia kabatini, gizani. Ushamba. Kila mtu anajua jua linaua vijidudu.

Mke wangu kauliza kwa nini naandika shajara badala ya kwenda kupanga foleni ya boza. Wakubwa wote waliandika shajara, nikamwambia. Akasema wakubwa wote walikuwa na maji. Nimekwenda kupanga foleni.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku kubwa!

Asubuhi nilipanga mirija sita. Mitano yenye vinasaba vya bwawani, na mmoja mtupu. Mrija mtupu hautiwi mwani, unatiwa maji safi tu na chambo. Kwenye kozi walituimbia wimbo huo hadi masikio yakatuuma: mrija mtupu usitoe mstari. Ukitoa, ujue uchafu umeingia mahali, utupe kazi yote uanze upya.

Mashine ikanguruma kwa saa mbili na nusu. Nikatia kwenye jeli, ambamo vinasaba vikiwepo hung'aa kama mstari, nikawasha taa ya zambarau. Mistari sita. Yote inang'aa! Mtupu nao unang'aa. Kusema kweli ndio uliong'aa kuliko wote.

Nikakaa chini kutafakari kama mwanasayansi. Kuanza upya ni siku nzima. Ijumaa ni keshokutwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na je, mrija mtupu ndio ulioulizwa na Mkurugenzi? Hapana. Mkurugenzi kauliza habari za bwawa. Basi nikaipiga picha jeli, nikaikata picha upande wa kulia kwa ustadi, ikabaki mistari mitano. Picha imependeza. Nimeibandika ukutani.

Mchana nikasoma herufi kwa kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ikaja! Hakuna Mikrosisti, ule mwani wa sumu ambao Bi Hadubini anautajataja tangu juzi. Hakuna hata chembe. Upo mwani mmoja tu, wa kijani, mpole. Ndugu zake wanaishi kwenye kuta zenye unyevu na hawajawahi kumdhuru mtu. Lakini sikia hili: unafanana na ndugu zake kwa asilimia tisini na sita. Si mia. Tisini na sita!

Maana yake ni moja. Spishi mpya. Haijulikani duniani, nimeigundua mimi, katika bwawa letu, siku ya Jumatano. Sheria inasema mgunduzi ndiye hutoa jina. Nimelichukua jina la ukoo wangu nikalipa mkia wa Kilatini. Nimeliandika mara kumi na moja nyuma ya fomu ya likizo. Linatamkika vizuri sana.

Nilishindwa kukaa na siri peke yangu. Nikampigia baba mkwe. Yeye ndiye dobi mkubwa mtaani, na tangu bomba lifungwe duka lake limelala, mashine zimekauka, wafanyakazi wanacheza bao. Miaka minane nimemwoa binti yake, na hajawahi kuniita mkwe. Mimi ni "huyo bwana". Huyo bwana amekuja? Huyo bwana anakula? Nikamwambia: baba, maji ya bwawa ni salama, nimeyapima mwenyewe hadi kwenye vinasaba. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama ninavyokijua cheti changu. Akasema, asante mkwe wangu.

Mkwe wangu. Macho yalinilowa, nikasingizia mvuke wa jeli, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Wivu umeanza. Bi Hadubini kaja mezani kwangu na michoro yake. Kachora mabonge, ndani ya mabonge vitonge vidogo vidogo vimesongamana, na kwa hesabu yake huo ni Mikrosisti mtupu, bwawa zima. Akaniuliza kama vinasaba vyangu vinasema hivyohivyo. Nikamwambia vinasaba vyangu vinasema mambo ambayo penseli haijawahi kuyaota. Akaitazama picha yangu ukutani. Akauliza mrija mtupu uko wapi. Nikasema mtupu ni mtupu, mama, kuna nini cha kuonyesha?

Akasema haraka haraka haina baraka, mdogo wangu, na kama nataka kurudia atanishikia mirija mwenyewe hata kama itabidi tuchelewe kurudi nyumbani. Nikamshukuru, nikakataa. Nilimwona ninavyomjua: anataka jina lake nalo liingie kwenye mwani wangu.

Jioni nimepita dukani kwa baba mkwe. Jamani! Hakungoja Ijumaa. Kaenda na gari la mizigo bwawani, kachota mapipa sita, kafungua duka. Foleni imefika hadi kwa kinyozi. Mashuka, sare za shule, mapazia. Baba mkwe kasimama mlangoni, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na kila mteja anamwambia: usiwe na wasiwasi, maji haya kayapima mkwe wangu, bingwa wa vinasaba. Akanivuta mbele ya watu. Akaniweka mkono begani! Watu wakanipa mikono. Mama mmoja akaniomba nimwangalie mtoto wake mwenye kikohozi.

Dereva wa Mkurugenzi naye alikuwepo, na mashati manne meupe. Bosi kakosa shati la kuvaa kesho. Moyo ukanidunda kidogo, sijui kwa nini. Nikauambia utulie.

Mke wangu kanipikia bila kuulizwa. Kasema hajamwona baba yake akicheka hivyo tangu harusi ya dada yake. Sijawahi kulala nikiwa mtu mkubwa namna hii.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Naandika kwa sababu nimejiahidi kuandika kila siku. La sivyo, leo ningeiruka.

Saa nne kamili, maabarani. Nimevaa suti. Mkurugenzi mezani, shati jeupe. Jeupe kwa mbali. Kwa karibu, kola ina ukijani. Nikaanza na yale maneno yangu ya mwani na ukoo. Yamepokelewa vizuri. Nikaonyesha picha, nikatangaza spishi, nikatamka jina. Mkurugenzi akawa anajikuna shingo. Nikaeleza kwamba mwani huu ni mpole, mtu anaweza kuuoga bila hata upele. Akajikuna kifua. Nikasema watoto wanaweza kuuchezea. Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Shingo yote nyekundu, vipele kama amemwagiwa dengu.

Lakini alitaka kuamini, maskini. Siku kumi na nne mji unamlilia. Akaichukua simu ampigie fundi wa bomba kuu afungue. Nikaona ufunguo. Nikaona kiti kikizunguka.

Bi Hadubini akanyoosha mkono. Hakupandisha sauti. Akasema anaomba jambo moja dogo kabla ya simu hiyo: aione picha nzima.

Nikasema ndiyo hiyo. Akasema mirija huwa inapangwa sita, na yeye anaona mistari mitano. Mkurugenzi akaishusha simu. Akaniambia nilete picha nzima. Nikasema iko kwenye kompyuta. Akasema kompyuta iko mbele yangu. Kweli, ilikuwa mbele yangu.

Mstari wa sita ukaonekana ukutani, mkubwa kama mlango, unang'aa kuliko ndugu zake wote. Bi Hadubini akauliza mrija ule nilitia maji ya wapi. Kisha akasimama, akaenda moja kwa moja dirishani mwa maabara, akafunua pazia. Kumbe alikuwa anajua siku zote. Akaishika chupa yangu akaielekeza kwenye mwanga. Chini kabisa, pete ya kijani. Nyembamba! Hata mtu mwenye macho mazuri asingeiona, kama hakuitafuta.

Tone moja kwenye hadubini. Akamwita Mkurugenzi atazame, kisha akaniita mimi. Na huko, kwenye tone la chupa yangu, wakiogelea kwa furaha, walikuwa wao. Spishi yangu. Haikutoka bwawani. Imezaliwa dirishani, kwenye jua langu, na mimi mwenyewe nimeisuuzia karatasi zangu mara tatu. Na ule Mikrosisti wa bwawani niliutupa Jumanne, na kitambaa.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Baba mkwe. Mikono yake, kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, imevimba na kuwaka. Hakumtazama Mkurugenzi. Aliuliza tu: huyo bwana yuko wapi?

Wakati watu wanamtafutia dawa nilijificha kwenye stoo ya chupa. Nilitaka kulia, na nililia kidogo. Bi Hadubini akanifuata huko. Hakunicheka. Kasema mwaka wake wa kwanza kazini alichora kiumbe kirefu cheusi kilichopinda, akakipa jina, akampelekea bosi wake, na kilikuwa ukope wake mwenyewe umeakisiwa kwenye kioo. Nikamshukuru. Lakini kwa ajili ya kumbukumbu naandika: ukope hauna uhai. Wangu ulikuwa hai, na ulikuwa unazaana.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Tumerudia kazi yote. Chupa ya Bi Hadubini yenye mabonge, maji yake ya kabatini. Mirija sita. Mtupu ukatoka mtupu, mweusi ti. Herufi zikasema Mikrosisti, sawasawa na penseli. Tukatia chambo cha pili, kile kinachonasa kinasaba cha kutengeneza sumu, nacho kikanasa. Sumu ipo. Kama simu ile ya jana ingepigwa, maji yale yangefika kwenye kila jiko la mji huu kabla ya chakula cha mchana. Nililifikiria hilo kwa dakika nzima.

Kisha nikaona upande mwingine. Bila makosa yangu, nani angejua kwamba chupa ya dirishani ina mwani? Nani? Miaka mingapi ingepita?

Alasiri mke wangu akanishika mkono hadi kwa baba yake nikaombe radhi. Baba mkwe kakaa sebuleni, mikono imepakwa marhamu, kaiinua mbele kama mtu aliyebeba trei. Duka limefungwa. Kila nguo inapaswa kufuliwa upya, kwa maji ambayo hayapo. Nikaomba radhi. Kusema kweli nilimweleza kwa nusu saa jinsi kosa lilivyokuwa la chupa. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema nguo hazimuumi, wala mikono haimuumi sana. Kinachomuuma ni kwamba alisimama mlangoni akawaambia watu kwamba ni mkwe wake.

Tulipofika nyumbani mke wangu akasema ananipenda, lakini nikimwapia tena mtu kwa cheti kile atakitumia kuwashia jiko.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nabii amekubalika kwao!

Bi Hadubini ndiye Mkuu wa Chumba cha Vinasaba. Sawa. Kila mtu na riziki yake, na kile kiti kwa kweli kinaumiza mgongo. Lakini asubuhi kaniita, kafunga mlango, kanipa kazi mpya. Nimeinukuu kichwani neno kwa neno. Bwawa litapimwa kila siku hadi mwani uishe, kisha kila siku tena, mwaka mzima, usirudi bila sisi kujua. Na kila siku kutakuwa na mrija mtupu. Huo ni wangu. Nitautazama mimi, nitaandika kwenye daftari jipya kama umetoka mtupu au haukutoka mtupu, nitatia sahihi. Bila sahihi yangu hakuna jibu litakalotoka maabara, na bomba kuu halifunguliwi. Kasema kanichagua mimi kwa sababu hakuna mtu katika jengo hili anayejua zaidi yangu mrija mtupu ukipuuzwa kunatokea nini. Mji mzima, kasema, utakunywa kwa sahihi yangu.

Bila sahihi yangu!

Mke wangu kampigia baba yake kumpasha habari. Baba mkwe akaomba anisikie. Kasema kama wamenikabidhi jambo kubwa namna hiyo, basi naye atajaribu tena. Kasema, mkwe, usituangushe. "Wangu" hakusema. Lakini mkwe kasema, nimesikia kwa masikio yangu, na simu ilikuwa wazi. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote, na moyo wangu ulimaanisha.

Nimeanza kazi leoleo, saa tisa alasiri. Daftari zuri, jalada gumu, safu nne: tarehe, mrija mtupu, matokeo, sahihi. Na hapa ndipo mtu mwenye kipaji anapojitenga na wengine. Nimelitazama daftari, nikafikiri. Mrija mtupu unatakiwa utoke mtupu. Kila siku. Jibu linajulikana.

Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimemaliza. "Mtupu", na sahihi yangu nzuri, kila mstari, hadi tarehe thelathini na moja Desemba.